Sokoine wa Monduli: Shule, Ng'ombe na Kizuizi cha Njiani

Jioni moja, katika kizuizi cha barabara iendayo Rumonge, au bariyeri kama tuisemavyo hapa Bujumbura, tulimkuta askari kijana amesimama mbele ya mwendesha baiskeli aliyefunga mifuko miwili ya sukari nyuma ya baiskeli yake. Mwenye mzigo alikuwa akijieleza kwa Kirundi, kisha kwa Kiswahili, kisha kwa Kirundi tena. Askari alitugeukia, akapiga saluti, akauliza: "Afande, mtu wa mifuko miwili ni mfanyabiashara au ni mlanguzi?"

Swali hilo si jepesi kama linavyosikika. Mwaka 1983 liliulizwa mara maelfu katika nchi ya jirani zetu, Tanzania, tangu ufukwe wa Ziwa Tanganyika mpaka bandari ya Dar es Salaam. Aliyesababisha liulizwe alikuwa mbunge wa wafugaji kutoka nyanda za kaskazini, Edward Moringe Sokoine. Wengi wetu jina lake tunalifahamu kwa kuwa limeandikwa juu ya uwanja wa mpira wa Mbeya, juu ya barabara za Arusha na Dar es Salaam, na juu ya chuo kikuu cha kilimo cha Morogoro. Mtu mwenyewe tunamfahamu kidogo. Na hilo ni upungufu kwetu sisi tuliovaa sare, maana katika uongozi wake wote alishughulika na mambo mawili ambayo askari huyakuta kila siku njiani: ujinga wa kutojua kusoma, na njaa ya kukosa bidhaa.

Alizaliwa Monduli tarehe 1 Agosti 1938. Mji huo umejiegemeza kwenye milima, kiasi cha kilomita arobaini kutoka Arusha, kando kidogo ya barabara kuu iendayo Makuyuni. Wakati wa kiangazi mgeni huona kwanza vumbi, kisha ng'ombe, kisha watu. Sisi Warundi, ambao salamu zetu za heshima humtakia mtu makundi ya ng'ombe, hatuna haja ya kuelezwa sana jinsi Wamasai walivyouthamini mfugo. Ng'ombe alikuwa benki, alikuwa mahari, alikuwa urafiki, alikuwa dawa ya ugomvi. Mtu asiye na ng'ombe hakuwa na sauti kikaoni.

Kwa watu wa namna hiyo shule ilikuwa msiba. Katika enzi za Waingereza, wakubwa wa serikali walipodai watoto wa kujaza madarasa, baadhi ya wazee waliwatoa wale ambao boma lingeweza kuwakosa bila hasara kubwa. Mtoto hodari alifichwa, akaachiwa ndama. Hatusemi hivyo kuwadharau. Mzee wa Kimasai alipiga hesabu yake sawasawa: kijana aliyekaa darasani ni kijana aliyepungua malishoni, na simba hangojei likizo.

Sokoine alipita katika shule ya msingi na shule ya kati za Monduli, akaenda sekondari ya Umbwe, chini ya mlima Kilimanjaro. Mwaka 1961, mwaka wa uhuru wa Tanganyika, alijiunga na chama cha TANU. Mwaka 1962 alipelekwa Ujerumani kusomea utawala. Aliporudi alikabidhiwa utendaji wa Wilaya ya Masai, na mwaka 1965, akiwa na umri wa miaka 27, wananchi wa huko walimchagua awe mbunge wao. Wilaya hiyo ilikuwa kubwa mno; baadaye iligawanywa hata zikapatikana Monduli, Kiteto, Ngorongoro, Simanjiro na Longido.

Hapa ndipo panapotuvutia zaidi. Mbunge kijana, aliyesoma Ulaya, angeweza kurudi kwao na kuwahubiria wazee habari za elimu kutoka jukwaani, kisha akarejea Dar es Salaam na kuandika taarifa nzuri. Wabunge wa namna hiyo hawakukosekana, wala hawakosekani leo. Yeye aliwahimiza wazazi wawatoe watoto, ndiyo. Lakini ugumu aliukuta mahali pengine. Boma la Wamasai halikukaa pamoja na shule. Mvua ilipokatika, watu, ng'ombe na watoto walihama, na mwalimu akabaki na ubao wake. Kwa hiyo suala la shule liligeuka likawa suala la maji. Suala la maji likawa suala la malisho. Na suala la malisho likawa suala la kupe na ndigana, ugonjwa unaoua ndama kabla hawajafikisha mwaka. Bila lambo na josho, darasa lingejengwa bure.

Mambo hayo yalikwisha anza kutiwa katika sheria. Mwaka 1964 Serikali ilipitisha sheria ya kuendeleza nyanda za malisho, iliyoruhusu wafugaji kuungana katika vyama vya ranchi na kupewa haki juu ya ardhi yao. Tangu mwaka 1970 ukaja mradi mkubwa wa mifugo katika nchi ya Wamasai, uliogharimiwa kwa msaada wa Marekani. Yalichimbwa malambo, yakajengwa majosho, yakafunguliwa masoko ya mifugo. Ng'ombe aliyekuwa akiuzwa kwa dharura tu, mtoto anapougua au kodi inapodaiwa, alitakiwa sasa aingie sokoni kwa mpango, alete fedha, na fedha izae zahanati na dawati.

Tungependa kuandika kwamba yote yalifaulu. Hayakufaulu yote. Ukame wa miaka ya 1970 uliyapiga makundi, mitambo iliharibika bila vipuri, na mradi ulipofikia mwisho wake mwishoni mwa muongo huo vyama vingi vya ranchi vilikuwa jina tu. Katikati yake, kuanzia mwaka 1974, ilipita Operesheni Imparnati, ambayo iliwakusanya Wamasai katika vijiji vya kudumu sambamba na vijiji vya ujamaa vya nchi nzima. Neno lenyewe ni la Kimasai, maana yake makao ya kudumu. Vijiji vilileta shule karibu. Hilo ni kweli. Vilevile vilileta mifugo mingi mahali pamoja, nyasi zikaisha, na ardhi iliyoonekana tupu kwa macho ya watu wa mjini ikachukuliwa kwa kilimo. Mfugaji anapohama malisho kwa msimu mmoja, huwa hajayatupa. Kosa hili la kudhani kwamba ardhi isiyo na nyumba haina mwenyewe limefanywa na serikali nyingi. Sisi nasi tuna sheria yetu ya mwaka 2018 inayotaka mifugo ifugwe zizini, na afisa yeyote aliyewahi kuitwa kusuluhisha ugomvi wa mkulima na mwenye mbuzi anajua kwamba sheria nzuri nayo huhitaji majani, maji na subira.

Hata hivyo, mbunge wa Monduli alibaki na sifa moja ambayo mradi wenye fedha nyingi hauwezi kuinunua: watu wake walimsikiliza kwa kuwa alijua bei ya ng'ombe. Hakuwaambia waache mfugo. Aliwaambia mfugo ulishe elimu.

Mwaka 1972 Mwalimu Nyerere alimteua awe Waziri wa Ulinzi na Jeshi la Kujenga Taifa, naye akakaa katika wadhifa huo mpaka mwaka 1977. Kwetu sisi miaka hiyo haikuwa ya furaha. Mwaka 1973 mpaka wetu na Tanzania ulichafuka, mabomu yakaanguka katika vijiji vya mkoa wa Kigoma, na wafanyakazi wa bandari wa huko wakakataa kushughulikia mizigo ya Burundi. Waziri wa Ulinzi wa upande wa pili alikuwa ni huyu huyu. Julai mwaka huo marais wa nchi hizi mbili walikutana Dar es Salaam, Rais wa Zaire akiwa msuluhishi, na moto ukazimwa kwa mazungumzo. Tunalitaja jambo hili bila kulipamba wala kulificha. Kati ya wasomaji wetu wamo waliokulia katika kambi za wakimbizi za Kigoma, na wamo ambao baba zao walivaa sare upande huu wa mpaka. Leo wanalala katika bweni moja.

Katika kipindi hicho hicho, mwaka 1976, chuo cha maofisa wa jeshi la Tanzania kilihamishwa kutoka Kurasini, Dar es Salaam, kikapelekwa Monduli. Tangu hapo makadeti wamekuwa wakikimbia katika miteremko ile ile alikochunga wavulana wa Kimasai. Kila aliyepita chuo cha makadeti, kiwe cha kwetu au cha jirani, anajua kwamba mlima hauheshimu cheo. Lakini lipo jambo jingine lililotokea hapo bila kutangazwa: mji wa wafugaji ulipata jirani aliyehitaji nyama, maziwa, barabara, umeme na shule kwa watoto wa askari. Kambi ikijengwa kwa busara ni soko. Wale wanaodhani jeshi ni mla bajeti tu wangefanya vema wakahesabu wauza maziwa wanaopanga foleni langoni mwa kambi asubuhi.

Februari 1977 Sokoine alipanda akawa Waziri Mkuu. Azimio la Musoma la Novemba 1974 lilikuwa limeagiza kwamba ifikapo mwaka 1977 kila mtoto wa Tanzania wa umri wa shule awe na nafasi darasani. Yeye ndiye aliyekuta saa imefika. Madarasa yalijengwa kwa nguvu za wananchi. Walimu hawakutosha, ikabidi vijana waliomaliza shule ya msingi wafunzwe kazi hukohuko vijijini, wakifundisha asubuhi na kujifunza jioni. Watu waliwacheka, wakawaita walimu wa UPE, na kweli wengine walikuwa dhaifu. Lakini kwa watu wazima matokeo yalionekana haraka: wasiojua kusoma, ambao hesabu ya mwaka 1975 iliwaonyesha kuwa asilimia 39, walishuka hadi chini ya asilimia 10 katika mwaka 1986. Sisi tulioshuhudia Septemba 2005, ada ya shule ya msingi ilipofutwa hapa Burundi na watoto wakafurika hata wakasoma kwa zamu, wawili watatu wakigombea dawati, hatuwezi kuwacheka walimu wale. Mtoto aliyesongamana darasani bado yumo darasani.

Kisha ikaja vita. Mwishoni mwa Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yaliingia Kagera. Waziri Mkuu ndiye aliyepewa jukumu la kuwaelekeza wakuu wa mikoa waiweke mali yote, ya kijeshi na ya kiraia, tayari kwa vita: malori, mafuta, chakula, vijana. Jeshi lililokuwa na askari wasiofika 40,000 likapanuka likazidi 150,000, wakiwamo mgambo wengi, na Aprili 11, 1979 Kampala ikaanguka. Historia husimulia mizinga. Sisi tunaofanya kazi ya ofisi jeshini tunatazama malori. Kila lori lililobeba risasi kwenda Mutukula ni lori ambalo halikubeba pamba wala mahindi. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilikwisha vunjika mwaka 1977, bei ya mafuta ikaruka mwaka 1979, na nchi ikarudi kutoka vitani ikiwa mshindi mwenye mifuko mitupu. Sabuni ikaadimika. Sukari, khanga, mafuta ya kula, tairi, vyote vikahamia chini ya kaunta. Ulanguzi ukawa ndio duka.

Novemba 1980 Sokoine alijiuzulu kwa sababu za afya. Aliyekuwa Waziri Mkuu akaenda Yugoslavia, akakaa darasani tena. Tunaomba msomaji aliyekwisha pata nyota mbili begani, na ambaye anaona haya kuketi kozini pamoja na wadogo zake, asimame kidogo juu ya sentensi hiyo.

Alirudi, na Februari 1983 akashika tena uwaziri mkuu. Kabla ya Aprili kuingia, vita dhidi ya wahujumu uchumi ilikwisha anza. Polisi, wanajeshi, mgambo na wanachama wa CCM walipekua maghala na nyumba. Wapo waliotupa bidhaa vichakani usiku, wapo waliozitosa majini. Watu zaidi ya 1,000 walikamatwa. Wananchi walishangilia, na hatuoni ajabu: mama aliyepanga foleni tangu alfajiri kwa ajili ya kipande cha sabuni, akiona katoni zinatolewa chini ya kitanda cha mkubwa, atashangilia.

Ila sisi ni watu wa sheria, na lazima tuseme na upande wa pili. Sheria ya uhujumu uchumi ya mwaka 1983 ilitungwa baada ya watu kukwisha kamatwa, ikarudishwa nyuma iwafunike. Iliunda baraza maalumu ambamo mshtakiwa hakuwa na dhamana wala wakili. Pamoja na papa, wavu ule ulizoa dagaa: mwenye kibanda, mwenye katoni moja, mwenye jirani aliyemchukia. Mwaka 1984 sheria hiyo ilifutwa, ikawekwa nyingine iliyorudisha kesi hizo chini ya Mahakama Kuu. Na mwaka huohuo haki za binadamu ziliingizwa katika katiba ya Tanzania. Tunampenda Sokoine, na hatusiti kusema kwamba hapo mkono wa dola ulikwenda mbele ya ushahidi. Askari aliyepekua nyumba bila hati mwaka ule alitii amri. Aliyepekuliwa hakusahau.

Jambo ambalo wasimuliaji wengi huliruka ni kwamba mtu yuleyule, katika mwaka uleule, alifungua milango mingine. Mabasi ya shirika la umma yalikuwa yameshindwa kuubeba umma wa Dar es Salaam. Watu binafsi walikuwa wakibeba abiria kwa kujificha, polisi wakiwafukuza. Mwaka 1983 magari hayo yaliruhusiwa kisheria, nayo yakaja kuitwa daladala, kwa sababu ya nauli ya dala, yaani sarafu ya shilingi tano. Siku moja kabla ya ruhusa dereva yule alikuwa mhalifu, na siku moja baadaye akawa mtoa huduma, ilhali gari lake ni lilelile, abiria walewale na barabara ileile. Kiongozi aliyewakamata walanguzi aligundua pia kwamba sehemu ya ulanguzi ilizaliwa na kanuni zisizotekelezeka, na alikuwa na ujasiri wa kuibadili kanuni badala ya kuongeza vizuizi. Tunamwona mkubwa zaidi hapo kuliko katika picha za maghala yaliyopekuliwa.

Hakupewa muda wa kumaliza. Aprili 12, 1984, akitoka katika kikao cha Bunge Dodoma kuelekea Dar es Salaam kwa gari, aligongana na gari jingine eneo la Dakawa, mkoani Morogoro, akafariki. Alikuwa na umri wa miaka 45. Mwalimu Nyerere mwenyewe ndiye aliyewatangazia wananchi redioni. Uvumi mwingi ulifuata, na bado unasimuliwa. Hatuna la kuuongezea. Alizikwa kwao Monduli Juu. Julai 1 ya mwaka huohuo kitivo cha kilimo kilichokuwa Morogoro kilifanywa chuo kikuu kamili, kikapewa jina lake. Wanafunzi wa tiba ya mifugo husomea humo ndigana ile ile iliyowamaliza ndama wa Wamasai.

Na Monduli? Wasichana wa Kimasai, ambao katika utoto wa Sokoine hawakuwa hata katika hesabu ya watoto wa kufichwa, tangu mwaka 1995 wana sekondari yao hukohuko Monduli, iliyojengwa na kanisa la Kilutheri. Mabishano ya malisho na mipaka ya hifadhi bado yapo, na wanaoyaandikia mahakamani mara nyingi ni watoto wa wafugaji waliosoma. Wazee waliokataa shule hawakujua kwamba siku moja ardhi ya ng'ombe ingelindwa kwa karatasi.

Turudi barabara ya Rumonge. Tulimwambia yule askari kijana habari hizi kwa ufupi, tukisimama pembeni, maana foleni ya magari ilikuwa inakua. Alisikiliza, akakuna kidevu, akamwendea mwenye baiskeli. Alimuuliza sukari ameinunua wapi, kwa bei gani, na anaipeleka kwa nani. Mtu yule alitoa kijikaratasi kilicholowa jasho, chenye muhuri wa duka. Askari alikisoma taratibu, herufi kwa herufi, chini ya taa ya kizuizi, akaandika namba yake katika daftari, akainua kamba.